Kompyuta Iliyonyamaza Baada ya Kubadilishwa Pawa Saplai

Fundi amefungua kasha, ameng'oa pawa saplai iliyoungua, amefunga nyingine iliyotoka Bukavu. Skrubu zote zimerudi mahali pake, waya zimechomekwa, kitufe kimebonyezwa. Kimya. Au feni zinazunguka vizuri, lakini kioo kinabaki cheusi. Mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi anamkodolea macho, wateja wamesimama mlangoni na vyeti vyao mkononi, na kauli inayofuata kwa kawaida ni moja: ubao mama umekufa.

Mara nyingi haujafa. Na hapa kusini mwa Maniema, kuanzia Kasongo hadi Lusangi na Kabambare, kauli hiyo ni hukumu ya gharama kubwa. Ubao mama haupatikani kirahisi. Utaletwa kwa lori, au utapanda treni ya SNCC kutoka Lubumbashi na kumalizia safari mgongoni mwa pikipiki, na ukifika huenda usioane na mashine yako. Anayehukumu bila kupima anamtia mwenzake hasara ya pesa na ya muda, wakati kosa lenyewe pengine ni plagi ya pini nne iliyosahauliwa ndani ya kasha.

Umeme ndani ya kompyuta hauingii kila mahali kwa mpigo. Hupita hatua kwa hatua, na kila hatua husubiri iliyotangulia ikamilike. Mashine iliyonyamaza imekwama katika hatua fulani, na hatua hiyo inaweza kujulikana kwa macho, kwa masikio na kwa multimita ya bei ya chini. Mafundi wetu wamesoma fizikia shuleni kwa Kifaransa na kazini wanaelezana kwa Kiswahili, kwa hiyo nitaanza chini kabisa, tupande pamoja.

Volti hupima nishati inayobebwa na chaji. Ukisema volti 12, maana yake kila kulombi 1 ya chaji inayopita kutoka chanya hadi hasi huacha njiani jouli 12 za nishati. Ampia hupima kasi ya chaji inayopita: ampia 1 ni kulombi 1 kila sekunde. Zidisha volti kwa ampia, unapata wati, yaani jouli kwa sekunde. Ukiyashika haya matatu, sehemu kubwa ya yanayofuata utaikokotoa mwenyewe kwa kalamu.

Umeme wa volti 220 unaotoka kwenye jenereta au inveta ni mkondo geu. Huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa sekunde. Hiyo 220 ni kipimo kinacholinganishwa na joto ambalo umeme huo unaweza kuzalisha. Kileleni wimbi lake hufika 220 mara 1.414, karibu volti 311. Kwa upande wa pili zipo transista za prosesa, ambazo zinataka mkondo nyoofu usiogeuka, wa takriban volti 1 tu. Kazi yote ya pawa saplai (wengine Kasongo huiita alimantasyo) ni kuanza safari ya kutoka 311 kushuka kuelekea 1 bila kuchoma kitu.

Kwanza umeme hupita kwenye dayodi nne zinazoulazimisha kwenda upande mmoja. Halafu huhifadhiwa katika kapasita kubwa, nene kuliko kidole gumba, inayojaa hadi zile volti 311. Kapasita ya mikrofaradi 330 ikiwa na volti 311 hubeba karibu jouli 16. Idadi hiyo inaonekana ndogo, lakini hutoka zote kwa mpigo, na zinatosha kumdhuru mtu vibaya. Kwa sababu hiyo kasha la pawa saplai lenyewe, lile la bati lenye feni, halifunguliwi na mtu ambaye hakufundishwa kazi hiyo, hata kama limechomolewa ukutani muda mfupi uliopita. Yote nitakayoeleza hapa hufanyika nje ya kasha hilo.

Kisha linakuja jambo lililoifanya kompyuta ya mezani iwe nyepesi kubebwa. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba umeme huzaliwa katika waya pale sumaku inayoupitia inapobadilika, na kadiri inavyobadilika kwa kasi ndivyo volti zinavyokuwa nyingi. Transfoma ya kizamani hubadilika mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo inahitaji chuma kingi na shaba nyingi. Pawa saplai ya kompyuta huukatakata ule umeme wa kapasita kwa transista zinazofunga na kufungua makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Zikifika mara 100,000, kasi hiyo ni mara 2,000 ya ile ya jenereta, na transfoma inayotosheleza kazi inaenea kiganjani. Rod Holt alitumia mbinu hii katika Apple II ya mwaka 1977. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na pawa saplai ya wati 63.5 tu. Umbo tunalolijua leo, lenye waya za rangi na plagi pana, lilitoka Intel mwaka 1995 kwa jina la ATX.

Katika mpangilio huo rangi zina maana. Njano ni volti 12, nyekundu ni 5, chungwa ni 3.3, nyeusi ni volti sifuri, bluu ni volti 12 za chini ya sifuri. Zambarau, kijani na kijivu zina kazi ya peke yake, na kwa fundi anayetafuta kosa hizo tatu ndizo zenye habari nyingi. Nitazirudia.

Kabla ya hapo, tazama nyuma ya kasha. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Kompyuta za mtumba zilizotumika Marekani hufika huku swichi ikiwa upande wa 115, na wenye haraka hawaitazami. Swichi hiyo huamua jinsi kapasita zinavyojazwa. Ikiwa kwenye 230, kapasita mbili hugawana zile volti 311, kila moja ikibeba nusu. Ikiwa kwenye 115, kila moja hujazwa peke yake kwa zamu, ili volti chache za Kimarekani zijumlishwe zifikie kiwango kilekile. Sasa uipe 220 ikiwa upande wa 115: kila kapasita inapokea volti 311 wakati imeundwa kwa 200. Utasikia mlipuko, utaona moshi, na pawa saplai mpya imekwisha kabla haijafanya kazi hata dakika moja. Kuitazama swichi hiyo hakugharimu kitu. Tazama pia ile nyingine yenye alama za I na O. Ikilala upande wa O, hakuna umeme unaoingia.

Tuseme swichi ziko sawa na waya umechomekwa. Kompyuta imezimwa, lakini pawa saplai haijalala kabisa. Waya wa zambarau hutoa volti 5 wakati wote, mradi umeme upo. Volti hizo huulisha ubao mama kiasi kidogo tu cha kuuwezesha kusikia kitufe. Mbao mama nyingi zina taa ndogo, ya kijani au nyekundu, inayowaka kwa umeme huo. Ukiona taa inawaka na kompyuta haijawashwa, tayari umejua mengi: ukuta una umeme, waya ni mzima, fyuzi ya ndani haijakatika, na sehemu ya pawa saplai isiyolala inafanya kazi. Taa isipowaka, au isipokuwepo, weka multimita kwenye volti za mkondo nyoofu, kipimo cha 20, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu ndani ya mgongo wa plagi penye waya wa zambarau. Usome kati ya 4.75 na 5.25. Ukisoma sifuri, usiguse ubao mama. Rudi nyuma, kwenye waya, kwenye soketi, kwenye inveta.

Sasa bonyeza kitufe. Watu wengi hudhani kitufe cha mbele hukata na kuunga umeme kama swichi ya taa ya nyumbani. Sivyo. Kitufe hubisha hodi tu. Ubao mama ukiisikia hodi hiyo, huuvuta waya wa kijani, uliokuwa na volti karibu 5, hadi sifuri. Pawa saplai ikiona kijani kimeshuka, ndipo inapofungua njano, nyekundu na chungwa. Kwa hiyo kompyuta yenye taa ya ubao inayowaka lakini isiyoitika kitufe ina maswali mawili tu. Je, waya mwembamba wa kitufe umechomekwa kwenye pini zake? Huo hung'oka kwa urahisi sana fundi anapopitisha mkono akivuta plagi kubwa. Na kijani kinashuka kitufe kinapobonyezwa? Kikishuka na feni zisizunguke, shaka iko kwenye pawa saplai au kwenye mzigo wake. Kisiposhuka, shaka iko kwenye kitufe au ubao.

Pawa saplai inaweza kujaribiwa ikiwa peke yake. Chomoa umeme, ng'oa plagi zote kwenye ubao na kwenye diski, kisha unganisha waya wa kijani na mweusi mmoja kwa kipande kifupi cha waya kwenye ile plagi pana, na uchomeke feni moja ya kasha ili kuwe na mzigo kidogo. Rudisha umeme. Feni zikizunguka, pawa saplai inajua kuwaka. Katika pawa saplai ambazo waya zote ni nyeusi, rangi haikusaidii. Kijani ni pini ya 16 ya plagi ya pini 24, na ya 14 katika ile ya zamani ya pini 20. Kama huna uhakika wa kuhesabu pini, usikisie. Na usichukue jaribio hili kuwa uthibitisho wa mwisho, maana kuwaka bila mzigo na kuubeba mzigo ni mambo mawili tofauti.

Waya wa kijivu ndio unaotoa ruhusa. Pawa saplai ikishajipima na kuona volti zake zimetulia, husubiri kati ya milisekunde 100 na 500, kisha hupandisha kijivu kufikia volti 5. Mpaka hapo prosesa imezuiwa isianze, kwa sababu kuanza na volti ambazo hazijatulia ni kuanza kuhesabu kwa makosa. Feni hazisubiri kijivu. Huzunguka mara njano inapofika. Hapo ndipo wengi wanapopotea: wanaona feni inazunguka na kusema umeme uko sawa, kumbe feni haithibitishi kitu zaidi ya kuwepo kwa volti 12 mahali fulani.

Nimefika kwenye kosa ninalolitaja mbele ya mengine yote pawa saplai inapobadilishwa: feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo ni cheusi, hakuna mlio. Tazama karibu na prosesa. Kuna soketi ndogo ya pini nne, au nane, yenye waya za njano na nyeusi tu. Ilikuja mwaka 2000 pamoja na Pentium 4, na hukaa pembeni mwa ubao, mara nyingi imefichwa na feni ya prosesa au kuzibwa na kivuli cha kasha. Anayebadilisha pawa saplai kwa mara ya kwanza huchomeka plagi pana, huchomeka diski, na hii huisahau.

Kwa nini ipo? Hesabu itakuambia. Prosesa ya wati 65 inayotumia volti 1.2 inahitaji ampia 54. Ukizipeleka ampia 54 kutoka pawa saplai kwa waya mwembamba, waya utachemka, kwa sababu joto la waya hupanda kwa mraba wa ampia. Zipeleke wati zilezile kwa volti 12, unahitaji ampia 5.4 tu, mkondo umepungua mara 10 na joto la njiani limepungua mara 100. Ndiyo sababu volti 12 huletwa hadi mlangoni mwa prosesa, na hapohapo, karibu kabisa na soketi yake, ubao mama huzishusha kuwa 1.2 kwa koili na kapasita unazoziona zimepangwa kwa safu. Plagi ya pini nne ndiyo njia ya hizo volti 12. Bila hiyo ubao mama una uhai, feni zina uhai, na prosesa haina chakula.

Plagi ikiwepo, bado iangalie kwa karibu. Pini iliyolegea au yenye kutu huwa na ukinzani. Tuseme ukinzani wake ni omu 0.2, kiasi ambacho jicho halioni. Ampia 5.4 zikipita hapo, volti 1.08 hupotea kwenye pini: mlangoni mwa prosesa zinafika 10.92 badala ya 12, wakati kipimo kinachoruhusiwa hakishuki chini ya 11.40. Na hizo volti zilizopotea hazikutoweka. Zimegeuka joto la karibu wati 6 ndani ya kijipini kimoja. Baada ya muda plastiki hugeuka rangi ya kahawia, kisha nyeusi, na harufu yake unaijua. Mashine ya namna hii huwaka vizuri asubuhi, hufungua programu ya kuandikia, na huzimika pale tu inapopewa kazi nzito. Ukipima volti bila mzigo utasoma 12 kamili, kwa kuwa pasipo ampia hakuna kinachopotea njiani. Kwa hiyo pima mashine ikiwa inafanya kazi: njano isiwe chini ya 11.40 wala juu ya 12.60, nyekundu iwe kati ya 4.75 na 5.25, chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Shika ncha za multimita kwa makini, kwa sababu ncha ikiteleza na kugusa pini mbili pamoja, umetengeneza shoti wewe mwenyewe.

Shoti ina sura yake. Unabonyeza kitufe, feni inashtuka nusu mzunguko, inasimama. Pawa saplai imeona ampia nyingi kupita kiasi na imejifunga ili isiungue. Huo ni ulinzi unaofanya kazi yake, na kubonyeza tena na tena hakusaidii. Chomoa umeme, ng'oa diski zote, kadi zote za ziada, kila kitu cha USB. Bakiza ubao mama, prosesa na feni yake, na kipande kimoja cha RAM. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja, ukizima umeme kila mara, mpaka ijifunge tena. Ulichorudisha mwisho ndicho chenye shoti. Isipowaka, inua ubao mama utazame chini yake. Skrubu iliyodondoka wakati wa kufunga pawa saplai hupenda kulala hapo, ikigusa lehemu upande wa chini.

Kuna jaribio moja la masikio ambalo halihitaji kifaa chochote zaidi ya kile kipaza sauti kidogo cha ubao. Zima, chomoa umeme, ng'oa RAM yote, rudisha umeme, washa. Mashine ikipiga milio ya kulalamika, furahi: prosesa imepata volti zake, imepata ruhusa ya kijivu, imesoma programu yake ya kuanzia na imegundua kwamba RAM haipo. Hatua hizo zote ni salama. Rudisha RAM, uibonyeze mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge vyenyewe, kwa sababu mkono uliokuwa ukivuta plagi pana huweza kuilegeza bila fundi kujua. Na kama kompyuta ina kadi ya picha ya kuchomeka, hakikisha waya wa kioo umeingia kwenye kadi hiyo na si kwenye soketi ya ubao.

Sasa twende nje ya kasha, kwa kuwa huku kwetu nusu ya maradhi yanayosingiziwa pawa saplai huanzia kwenye chanzo cha umeme. Wengi Kasongo na Kabambare huendesha kompyuta kwa jenereta ndogo au kwa betri za sola na inveta. Jenereta ya sumaku moja ya ncha mbili lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika ili kutoa mizunguko 50 kwa sekunde. Jirani akiwasha mashine ya kulehemu, injini inalegea, taa zinafifia. Pawa saplai inaweza kuvumilia umeme ukikatika kwa milisekunde kama 16 tu, muda usiofika hata mzunguko mmoja wa jenereta, ambao ni milisekunde 20. Ikizidi hapo kijivu hushuka na kompyuta inajiwasha upya. Mwenye mashine atalaumu pawa saplai mpya. Ailaumu ile mashine ya kulehemu ya jirani.

Inveta nayo ina fumbo lake. Za bei nafuu hazitoi wimbi la mviringo, hutoa ngazi: juu, sifuri, chini, sifuri. Pawa saplai ya zamani haikujali. Ilijaza kapasita yake na kuendelea. Nyingi za kisasa zina sakiti inayojaribu kuvuta mkondo kwa kufuata umbo la wimbi, na baadhi zikikutana na ngazi hunguruma, hupiga kelele kama mbu, au hujifunga. Hapo una pawa saplai nzima, kompyuta nzima na inveta nzima, na bado haziwaki zikiwa pamoja. Kabla ya kuirudisha dukani, ijaribu kwenye jenereta. Ikiwaka huko, tatizo ni umbo la wimbi, na dawa ni inveta ya wimbi safi.

Wengine huogopa kununua pawa saplai ya wati 500 wakidhani itamaliza betri. Haimalizi. Namba hiyo ni uwezo wa juu, haisemi inachokula. Kompyuta ya ofisini inayotumia wati 80 ndani, kwa pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 80, huvuta wati 100 kutoka kwenye inveta, iwe imeandikwa 300 au 500. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, ina wati-saa 600. Ondoa kinachopotea kwenye inveta, weka hesabu ya kioo kando, na mashine hiyo inaenda karibu saa tano.

Na kuna ule mtekenyo. Baada ya kufunga pawa saplai mpya, mtu anagusa kasha kwa mkono mkavu na kuhisi kitu kinatetema chini ya ngozi. Akigusa kwa kiwiko anashtuka. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo mbili zinazochuja kelele za umeme, moja kutoka kila waya wa ukutani hadi kwenye bati la kasha. Zimekusudiwa kumwaga uchafu huo ardhini kupitia pini ya tatu ya plagi. Katika nyumba isiyo na waya wa ardhi, hizo mbili hugawana volti 220 katikati, na bati linabaki na takriban volti 110. Mkondo wake kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya elfu ya ampia, kwa hiyo hauui. Lakini pawa saplai yenye hitilafu ya kweli pia huweka umeme kwenye bati, na mkono hauwezi kutofautisha hali hizo mbili. Chimbia fito ya chuma mahali penye unyevu, iunge kwa waya mnene na pini ya tatu ya soketi. Mtekenyo ukiisha, huenda ulikuwa ule wa kapasita. Ikiwa fyuzi inakatika, pawa saplai ina kosa na isitumike.

Kuhusu kununua nina neno moja la msisitizo. Si kila pawa saplai inaingia kila kompyuta. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 hutumia plagi kuu ya pini 8 badala ya 24, na ubao wenyewe ndio unaotengeneza volti 5 na 3.3. HP nayo ina mashine za plagi ya peke yake. Dell za miaka ya mwisho ya 1990 ni hatari zaidi: plagi inafanana kabisa na ya ATX lakini waya zimepangwa tofauti, na ukichomeka ya kawaida unaunguza ubao. Vivyo hivyo, ikiwa pawa saplai yako ina waya zinazochomolewa pande zote mbili, usihamishe waya za ile ya zamani kwenda kwenye mpya. Upande wa diski zinafanana, upande wa pawa saplai kila kiwanda hupanga kivyake, na diski yenye nyaraka zote za ofisi inaweza kupokea volti 12 mahali pa 5.

Mashine ikiwaka lakini ikasema tarehe ni ya miaka mingi iliyopita, au ikadai haioni diski, tulia. Betri ya mviringo ya CR2032 kwenye ubao, ya volti 3, imekufa zamani. Zile volti 5 za zambarau zilikuwa zikiificha aibu yake. Pawa saplai ilipong'olewa, mipangilio ikafutika. Weka betri mpya, rekebisha saa na mipangilio ya diski, endelea na kazi.

Ndugu fundi, kama baada ya haya yote mashine bado inagoma na inabidi isafirishwe Kindu au Bukavu, usiitume peke yake. Chukua karatasi, andika ulichosoma kwenye zambarau kabla ya kubonyeza kitufe, kwenye kijani kitufe kinapobonyezwa, kwenye kijivu na kwenye njano baadaye. Andika kama ulitumia jenereta au inveta, na kama ilipiga milio RAM ilipotolewa. Ibandike ndani ya kasha. Na ile pawa saplai iliyoungua iweke pamoja nayo, usiiuze chuma chakavu, maana plagi zake zitamwonyesha fundi wa huko ni aina gani ya kutafuta.